Pikapu ya dizeli kati ya Nakuru na Kisumu: maswali ninayoulizwa kila mara

Kazi yangu ni pampu na nozo za dizeli, na karakana yangu iko Nakuru. Wateja wengi ni watu wa mizigo: anayetoa viazi Molo au Mau Narok, anayeshusha kabeji soko la Kibuye, anayerudi na samaki au mchele wa Ahero. Wanakuja na Isuzu D-Max, TFR za zamani, Hilux, Hardbody, L200. Maswali yao yanafanana, nami nimeyaandika hapa karibu vile vile yanavyoulizwa. Yanayohusu maji na uchafu wa mafuta nimeyajibu kwa urefu, kwa sababu hayo ndiyo yanayoniletea mezani pampu zilizokufa kabla ya siku zake.

Fundi, nikiwa na dakika tano tu kwa wiki, nishughulikie nini?

Toa maji kwenye filta ya dizeli.

Chini ya filta nyingi kuna koki ndogo ya plastiki. Weka chupa safi iliyokatwa mdomo chini yake, legeza koki mizunguko miwili, kisha bonyeza kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta mpaka mafuta yaanze kushuka. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yako chini na yatatangulia kutoka. Ukiona inayotoka sasa ni dizeli tupu, funga koki kwa vidole. Usitumie spana, plastiki hiyo hupasuka na kipande chake si rahisi kupata ukiwa Londiani saa mbili usiku. Washa injini, tazama kama kuna tone linalovuja, umemaliza.

Chupa usiimwage kwanza. Iache itulie dakika kumi halafu iinue kwenye mwanga. Maji yatakaa chini kama shanga, au kama mstari mzima. Vitone viwili vitatu kwa wiki si jambo la kutisha. Ukipata kina cha kidole, tatizo liko tangini, na tangi lazima lifunguliwe lioshwe.

Kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye umbo la filta na vitone chini yake. Hiyo ikiwaka, simama mahali salama utoe maji hapo hapo. Mama mmoja wa viazi alikaa nayo wiki tatu kwa sababu gari lilikuwa bado linavuta vizuri. Alipofika kwangu, pampu ilikuwa imekwaruzika ndani na nozo zote nne zimekwisha. Mwanawe alikuwa anaingia kidato cha kwanza mwezi huo. Sijasahau uso wake nilipomtajia bei.

Maji kidogo namna hiyo yanauaje chuma?

Dizeli haichomwi kwa cheche kama petroli. Injini hubana hewa mpaka iwe moto mkali, kisha nozo hunyunyiza dizeli ndani yake na inawaka yenyewe. Ili dizeli itoke kama ukungu, lazima isukumwe kwa nguvu kubwa mno. Tairi la pikapu unalijaza presha ya 35 hivi. Kwenye injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozo zote hulishwa na bomba moja la presha, kwa kipimo hicho hicho, presha inapita 23,000. Matundu ya nozo ni membamba karibu kama unywele, na vyuma vya pampu vinapishana kwa nafasi ambayo jicho haliioni.

Vyuma hivyo havina oili yake. Vinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Tone la maji likifika pale, chuma kinasugua chuma. Kisha kutu huanza, na ile kutu inakuwa msasa unaosafiri hadi kwenye nozo.

Kwa sababu ya presha hiyo hiyo, usiguse kamwe paipu ya nozo inayovuja wakati injini inanguruma, wala usitafute uvujaji kwa kidole. Dizeli inaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya mkono. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, na bado mtu anaweza kupoteza mkono. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni dizeli ya presha.

Maji hayo hutoka wapi?

Mara nyingi hutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi ya vituo. Mvua za Machi hadi Mei zikipiga, mfuniko wa tangi usiokaza vizuri hupitisha maji. Chanzo cha pili ni kizibo cha tangi lako mwenyewe: mpira wake ukikauka, maji ya mvua na ya kuoshea gari huingia polepole. Cha tatu ni mitungi, hasa ile iliyowahi kubeba maji ya kunywa au maziwa na haikukaushwa. Cha mwisho ni hewa. Tangi likilala nusu tupu usiku wa baridi, kama kule Molo au Mau Narok, unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye kuta za ndani na kutiririka chini. Hicho cha mwisho ni kidogo kwa usiku mmoja, lakini gari likikaa miezi hesabu hubadilika.

Mimi mwenyewe nilishikwa. Nilikuwa natoka Kisumu usiku wa mvua, nikajaza tangi kwenye kituo kimoja njiani. Sikufika mbali, gari likaanza kukohoa kwenye kilima. Nilitoa maji kwenye filta mara sita kabla ya alfajiri, nikiwa nimelowa, tochi mdomoni. Niliokoa pampu kwa sababu nilijua koki iko wapi. Dereva asiyejua angeendelea kupiga stata mpaka ife, na ndiyo maana jibu la kwanza humu ni la koki.

Nitajuaje kituo cha kuamini?

Chagua viwili au vitatu kwenye njia yako, vyenye magari mengi ya kazi. Kituo kinachouza sana kina mafuta yasiyokaa. Omba risiti kila mara na uiweke. Bila risiti huna la kudai mafuta yakileta shida, na ukienda kulalamika EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, utaulizwa tarehe, saa na pampu gani. Ukilikuta lori la mafuta linashusha mzigo, pita ukanywe chai kwanza au uende kituo kingine, maana kushusha huko huvuruga uchafu uliolala chini ya tangi.

Ukiwa na shaka, omba lita moja kwenye chupa safi ya kioo. Dizeli nzuri inaangaza, unaweza kusoma gazeti kupitia chupa. Iliyo na ukungu ina maji. Inayonuka kama taa ya chemli ina kitu kingine.

Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kuna ubaya gani? Wazee walifanya.

Walifanya, na injini zao zilivumilia zaidi. Zamani ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo, kwa hiyo yalikuwa rahisi sana kuliko dizeli, na wafanyabiashara wengine wakaona faida ya kuyachanganya. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa Septemba 2018 kwa lengo hilo hasa, kuua faida ya kuchanganya. Tangu hapo bei zimekaribiana. Mafuta ya taa pia hutiwa alama ya kemikali, na wakaguzi wa EPRA hupima vituoni kwa kuitafuta alama hiyo.

Ubaya wenyewe ni huu: mafuta ya taa ni makavu. Hayana ulaini wa dizeli. Nimesema pampu inalainishwa na mafuta yanayopita. Ukiipa makavu inajila yenyewe. Nikifungua pampu iliyolishwa mchanganyiko, nakuta unga wa chuma unaometa kama rangi ya fedha kwenye filta. Unga huo ukionekana, si pampu peke yake inayobadilishwa. Nozo, reli na paipu zote lazima zisafishwe au zibadilishwe, tangi lioshwe, na hapo bili inaweza kukaribia bei ya injini kuukuu.

Kama una TFR ya pampu ya kimakanika na umetiliwa kidogo bila kujua, huenda ukapona. Kama una D-Max au Hilux ya komoni reli, usijaribu hata lita moja kwa makusudi.

Nimewekewa petroli kwa makosa. Nifanye nini?

Usiwashe. Hata ufunguo usiuzungushe kuweka umeme, kwa sababu magari mengi ya sasa pampu ya tangini huanza kusukuma mara tu taa za dashibodi zikiwaka. Mwambie mhudumu asimame, gari lisukumwe kwa mikono kando ya pampu, na mzungumze na msimamizi wa kituo hapo hapo, risiti mkononi. Tangi litolewe lote, lioshwe kwa dizeli safi kidogo, filta ibadilishwe, ndipo ujaze.

Watu huniambia, "Fundi, ni lita tano tu kwenye tangi la lita 76, si zitapotea?" Kwenye komoni reli siwezi kukubali. Petroli ni kavu kuliko hata mafuta ya taa. Kutoa mafuta tangini ni kazi ya nusu siku. Kubadilisha pampu ni kilio.

Kama uliwasha na ukaendesha kabla ya kugundua, zima mara unaposikia injini inagonga au inapoteza nguvu, na uvutwe kwa kamba. Kila kilomita unayoongeza inahesabiwa.

Halafu kuna hatari ambayo si ya gari. Dizeli iliyochanganyika na petroli huwaka kwa urahisi wa petroli. Usiitoe karibu na jiko la makaa, sigara au mashine ya kuchomelea, na usiihifadhi nyumbani. Sisi wa upande huu hatuna haja ya mfano wa mbali: Sachangwan, hapa karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Najua nyumba ambazo bado zinaomboleza.

Ninunue mafuta siku gani ya mwezi?

EPRA hutangaza bei za juu tarehe 14, na zinaanza kutumika tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kila mji una bei yake, kwa sababu mafuta hutoka Mombasa kwa bomba hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, na gharama ya safari huongezwa. Tofauti ya Nakuru na Kisumu ni ndogo, haistahili kubadilisha ratiba yako.

Kama kuna fununu za bei kupanda, jaza tarehe 14 mapema, si usiku wakati foleni imefika barabarani. Ila usiweke akiba ya mitungi chumbani. Septemba 2023, dizeli ilipopita shilingi 200 kwa lita, niliona mitungi mpaka chini ya vitanda vya watoto. Hakuna shilingi inayostahili hatari hiyo.

Je, niendeshe na tangi karibu tupu ili gari liwe jepesi?

Hapana. Uzito unaopunguza ni kama wa gunia moja tu la viazi. Ukienda chini ya robo, pampu hunyonya uchafu wa chini ya tangi, na kule kilimani mafuta yakikimbilia upande mmoja inanyonya hewa. Robo iwe ndiyo sifuri yako.

Oili ipi, na nibadilishe kila kilomita ngapi?

Soma kwanza kitabu cha gari. Kwa pikapu nyingi za hapa, oili ya dizeli ya 15W-40 yenye daraja la CI-4 inafaa. Ikiwa ni ya kawaida, mimi hubadilisha kila kilomita 5,000. Ya sinthetiki inaweza kufika 10,000 kama gari halibebi kupita kiasi na halishindi kwenye vumbi. Ukiwa na gari jipya lenye chujio la masizi kwenye ekzosi, hilo linataka oili yake maalumu, usiliwekee hii.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku mbili baada ya serivisi ni kawaida, inabeba masizi, ndiyo kazi yake. Kinachonitia wasiwasi ni oili inayopanda kwenye kijiti badala ya kushuka. Ikipanda, dizeli inavujia ndani, ama kwenye nozo ama kwenye pampu. Inuse. Ikinuka dizeli, usiliendeshe.

Filta ya oili ibadilishwe kila mara. Filta ya dizeli kila kilomita 10,000 kwa mafuta yetu, hata kama kitabu kinasema 20,000. Epuka filta za bei ya kutupa: nimekata kadhaa na kukuta karatasi ya ndani imeachana na gundi, maana yake uchafu unapita pembeni na wewe unadhani umelindwa.

Vumbi la njia za shamba linaathiri nini?

Filta ya hewa, kwanza na mwisho. Ukiingia barabara za murram za kuelekea Mau Narok mwezi wa Januari, au njia za miwa za Chemelil na Muhoroni, ifungue kila wiki. Pulizia kutoka ndani kwenda nje, kwa hewa ya polepole, umbali wa kiganja. Ukiipulizia kutoka nje unasukuma vumbi ndani ya karatasi. Usiioshe kwa maji. Ukiishika dhidi ya jua na huoni mwanga unapita, nunua mpya.

Moshi wa gari langu unasema nini?

Mweusi: dizeli nyingi, hewa kidogo. Anza na filta ya hewa, kisha mipira ya turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, ambayo hupasuka chini mahali pasipoonekana, kisha ndipo tuje kwenye nozo. Watu wengi huanza mwisho na kulipa zaidi. Moshi mweusi kidogo ukipanda kilima na mzigo kwa injini ya zamani si ugonjwa.

Mweupe asubuhi kwa dakika moja halafu ukaisha: injini ilikuwa baridi. Mweupe usioisha na unaowasha macho ni dizeli isiyoungua, tafuta nozo au presha ya silinda. Mweupe wenye harufu tamu, na maji ya redieta yanapungua: gasketi ya silinda hedi, simama.

Wa buluu ni oili inayoungua. Ring za pistoni, au mpira wa valvu, au turbo. Kama unaongeza lita moja ya oili kila safari ya Kisumu, usisubiri.

Gari linawaka vizuri Kisumu lakini Molo asubuhi linasumbua. Kwa nini?

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari na kuna joto. Molo iko juu zaidi ya mita 2,400, hewa ni nyepesi na baridi. Injini ya dizeli inategemea joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo pale ndipo udhaifu wowote hujitokeza. Anza na hita plagi, zile plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Washa ufunguo hatua ya pili, subiri taa ya koili izime, rudia mara mbili, kisha piga stata. Likiwaka vizuri hivyo, plagi moja au mbili zimekufa. Ni spea ya bei nafuu na hupimwa kwa mita dakika chache. Kagua pia betri, kwani stata inayozunguka pole haibani hewa ya kutosha.

Ile dawa ya kupulizia kwenye mdomo wa hewa usiitumie kwenye injini yenye hita plagi. Inawaka kabla ya wakati wake na nimeona pistoni iliyopasuka kwa sababu hiyo. Na likikataa kabisa, kusukuma sawa, kulivuta kwa kamba pia sawa kwa gia za mkono, lakini si kwa otomatiki.

Kwenye mteremko wa Salgaa niweke fri ili niokoe mafuta?

Nakuomba usifanye hivyo. Hata hesabu ya mafuta yenyewe ni uongo. Ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye akselereta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na pampu inakata dizeli kabisa. Ukiweka fri, injini lazima ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka na fri anachoma zaidi ya anayeshuka na gia ya tatu.

Tena breki. Pikapu yenye tani moja ikishuka kutoka Mau Summit bila gia, breki peke yake ndizo zinazoishika. Zinachemka, fluidi inachemka nayo, pedali inakwenda hadi chini na hakuna kitu. Barabara hiyo imezika watu wengi mno. Alfajiri ya 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana pale Migaa na zaidi ya watu 30 wakafa. Baadaye njia za kupanda na kushuka zikatenganishwa sehemu ile, na hilo limesaidia, lakini ukuta wa katikati hauwezi kukupa breki.

Sheria ninayowapa madereva ni rahisi: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Ukitoka Kericho kuteremka kwenda Ahero, vivyo hivyo. Badilisha fluidi ya breki kila miaka miwili, hata kama breki zinashika, kwa sababu fluidi hunyonya unyevu na ikiwa na maji huchemka mapema.

Gari linapata joto nikipanda Timboroa.

Kule ni zaidi ya mita 2,700, na maji matupu huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Kinachozuia yasichemke ni presha ya kizibo cha redieta. Kizibo kikilegea umepoteza kinga hiyo, nacho ni cha bei ndogo kuliko gasketi. Anza hapo. Kisha osha redieta kwa nje, kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini. Wanaopita mashamba ya miwa na nyasi hukuta mapezi yamezibwa kabisa na makapi na wadudu.

Ndani weka kulenti, yale maji maalumu ya redieta, si maji ya kisima. Visima vya Nakuru vina madini mengi, na madini hayo hujenga ukoko ndani ya injini kama ule wa birika. Ukilazimika kuongeza maji njiani, fanya hivyo ufike, halafu ubadilishe. Na usifungue kizibo injini ikiwa moto. Kila ninaposema hivyo nakumbuka kovu la msaidizi wangu.

Turbo: ni kweli niache injini inguruma kabla ya kuzima?

Ukitoka kupanda kilima na mzigo, ndiyo, dakika moja au mbili, ili oili iendelee kupoza shafti. Ukiwa umetambaa mjini kwa foleni, huna haja.

Pikapu yangu inakula mafuta. Nipime vipi?

Jaza tangi hadi pampu ikate mara ya kwanza, andika kilomita. Fanya kazi yako ya kawaida, rudi kituo kile kile na pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate. Kama umetembea kilomita 420 na imeingia lita 42, unapata kilomita 10 kwa lita. Dizeli ikiwa shilingi 180, kila kilomita inakugharimu shilingi 18 za mafuta. Pima mara tatu ndipo uamini. Sindano ya dashibodi haipimi chochote cha maana.

Ikiwa imeshuka ghafla, angalia presha za matairi, breki inayokwama, filta ya hewa, termostati iliyobaki wazi. Ikiwa imekuwa mbaya siku zote, tazama mzigo. Gunia la viazi kisheria ni kilo 50, na pikapu ya tani moja hubeba magunia 20. Wewe unaweka mangapi? Nimeona 36 yakitoka Molo, springi zimekunjika kinyume. Gari hilo halili mafuta, linafanya kazi ya magari mawili.

Mkanda wa taiming ubadilishwe lini?

Hilux za injini ya 2KD na 1KD zina mkanda wa mpira. Kitabu husema kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea soko gari lilikouzwa. Kama umenunua mtumba na hujui historia, ubadilishe sasa, pamoja na tensha yake. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. D-Max za 4JK1 na 4JJ1, na Hilux mpya za GD, zina cheni, nayo hudumu kama oili inabadilishwa kwa wakati.

Naweza kutumia mafuta ya kupikia yaliyotumika?

Usitumie. Ni mazito, huganda kuwa gundi kwenye nozo, na mabaki ya chumvi na maji ya viazi huingia nayo.

Ninataka kununua pikapu ya dizeli ya mkononi. Nije nayo uikague?

Njoo nayo, lakini kabla ya hapo fanya mambo manne mwenyewe. Fika kwa mwenye gari asubuhi bila kumwambia saa kamili, uguse boneti: ikiwa na joto, alishaliwasha ili afiche ukaidi wa asubuhi. Aliwashe mbele yako, utazame moshi. Injini ikinguruma, fungua kizibo cha oili ukiweke juu ya tundu lake bila kukaza; kikirushwa na pumzi nzito, ring zimechoka. Kisha omba kutoa mafuta ya filta kwenye chupa. Muuzaji aliyeitunza pikapu yake atakuonyesha koki mwenyewe. Asiyejua iko wapi amekwisha kukujibu.

Dizeli imeniishia kabisa barabarani. Nimeongeza lita kumi na bado haliwaki.

Kuna upepo kwenye mfumo. Usiendelee kupiga stata, utamaliza betri na kuikausha pampu. Bonyeza kipampu cha mkono juu ya filta, mara thelathini, hata hamsini, mpaka kiwe kigumu. Injini za zamani zina skrubu ya kutolea upepo karibu na filta: ilegeze, pampu mpaka povu liishe na dizeli itoke mfululizo, kaza. Paipu za nozo kwenye komoni reli usizilegeze. Kipampu kikishakuwa kigumu, piga stata sekunde kumi, pumzika nusu dakika, rudia. Likiwaka litatetemeka kidogo. Lishike kwenye mwendo wa pole mpaka litulie, na ukifika nyumbani toa maji kwenye filta, kwa sababu yale uliyonyonya mwisho yalikuwa ya chini kabisa ya tangi.